Likasi: Mwenye tanuru ndiye mwenye shaba

Mtoto aliyekulia Panda, Shituru au Kikula hahitaji mwalimu wa kumweleza tofauti ya jiwe na shaba. Jiwe la kijani analiokota njiani. Shaba ni kitu kingine: ni jiwe lililopita motoni. Zamani, kabla kampuni hazijafika, wayeyushaji wa Katanga walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayajaza makaa na malakiti, wakapuliza kwa mivukuto, kisha wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha mbali na hapa. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Tanuru likawa la kampuni, na Likasi ikaitwa Jadotville. Mwaka 1967 mali hiyo ikawa ya taifa, ndiyo leo inayojulikana kama Gécamines. Mwenye tanuru amebadilika mara nyingi. Jambo moja halijabadilika: anayechimba hupata kidogo, na anayeyeyusha na kuuza ndiye hupanga bei.

Siku hizi swali hilohilo limeingia katika kazi isiyo na vumbi. Vijana wanaosomea informatiki Likasi na Lubumbashi huandika programu: hesabu ya minerval ya shule, daftari la dawa la kituo cha afya, orodha ya wanachama wa ushirika. Maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya huitwa msimbo, na msimbo ndio jasho la kijana huyo. Je, jasho hilo linatunzwa wapi, na ni nani mwenye ufunguo wa ghala?

Kwa wengi, jibu ni GitHub. Ni ghala kubwa la misimbo lililofunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2018 Microsoft ikalinunua kwa dola bilioni 7.5. Linafanya kazi vizuri, na mtu wa kawaida halipii kitu. Hakuna sababu ya kulisema vibaya. Lakini mashine zake haziko Congo, na sheria zake ni za Marekani. Mwezi wa saba mwaka 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, waandishi wa programu wa Iran, Siria na Krimea walijikuta wamefungiwa sehemu ya huduma hizo, hata wale ambao hawakuwa na kosa lolote. Kabla ya hapo, ghala jingine kubwa, Google Code, lilitangaza mwaka 2015 kwamba linafungwa, na mwanzoni mwa 2016 likafungwa kweli. Wapangaji walipewa muda wa kuhamisha mizigo yao. Mpangaji ni mpangaji, hata kama halipi kodi.

Halafu kuna njia ya kufika ghalani. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini Congo kwa takriban siku 20. Mwezi wa kwanza mwaka 2020, mmomonyoko mkubwa chini ya bahari, kwenye korongo la mto Congo, ulikata nyaya mbili zinazoleta mawasiliano pwani ya magharibi ya Afrika. Agosti 2023 jambo kama hilo likatokea tena. Siku kama hizo kijana wa Likasi anaweza kuwa na kompyuta nzima, umeme upo, akili ipo, na bado hawezi kumpa jirani yake wa avenyu ya pili kazi waliyoifanya pamoja, kwa sababu kazi hiyo inabidi iende hadi ng'ambo na kurudi.

Ndiyo maana habari ya kujenga seva yako mwenyewe si mchezo wa wataalamu wa mbali. Inaihusu Likasi.

Kwanza, chombo chenyewe. Mwezi wa nne mwaka 2005, Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, alitengeneza programu iitwayo Git. Kazi yake ni kukumbuka. Kila mara mwandishi anapohifadhi badiliko, Git huandika nani amebadilisha, lini, na nini, kisha hulipa badiliko hilo alama ya herufi na tarakimu 40 inayotokana na yaliyomo ndani yake na yaliyotangulia. Mtu akigusa ukurasa wa zamani kwa siri, alama zote zinazofuata hubadilika, na wenzake watajua. Na kuna jambo la pili, kubwa zaidi: anayechukua nakala hachukui kipande. Anachukua kitabu chote, pamoja na historia yake tangu ukurasa wa kwanza. Watu kumi wakiwa na nakala, tisa wakapoteza kompyuta zao, yule wa kumi bado anacho kila kitu.

Git peke yake hufanya kazi kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Ili watu wengi wakutane, waone kazi kwa kurasa nzuri, waandikiane maoni na kupewa ruhusa tofauti, inahitajika programu ya seva. Mwaka 2014 ilizaliwa moja nyepesi iitwayo Gogs. Mwaka 2016 baadhi ya waliokuwa wakiichangia walitoka na nakala yao na kuanzisha Gitea. Mwezi wa kumi mwaka 2022 ikatangazwa kwamba jina la Gitea na anwani yake viko mikononi mwa kampuni. Wachangiaji wengine walipinga, na kabla mwaka huo kwisha wakaondoka na nakala yao, wakisaidiwa na Codeberg, chama kisichotafuta faida chenye makao Berlin. Wakaiita Forgejo. Neno hilo linatoka katika Kiesperanto, na maana yake ni karakana ya mhunzi.

Watu hao walihama nyumba mara mbili, na mara zote mbili walihama na kila kitu. Hawakuacha hata karatasi moja, kwa sababu leseni iliwaruhusu na kila mmoja alikuwa na nakala kamili. Msomaji aliyewahi kukimbia makwao ataelewa uzito wa jambo hilo bila kuelezwa.

Sasa kazi ya mikono. Mtu anaweza kupakua Forgejo ikiwa tayari imeshajengwa, na kwa mwenye haraka hiyo ndiyo njia fupi. Kuijenga kutoka kwenye msimbo wake ni njia ndefu, lakini anayeipita hubaki na ujuzi wa kuijenga tena, kuirekebisha na kuitafsiri. Ndiyo tofauti ya mnunuzi wa waya na anayejua tanuru linavyowashwa.

Kijana wa Kikula akitaka kufanya hivyo, anahitaji kompyuta yenye Linux na vitu vinne juu yake: Git, lugha ya programu iitwayo Go, Node.js pamoja na npm yake, na make. Akitaka kutumia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja, aongeze na gcc, kwa sababu sehemu hiyo imeandikwa katika lugha ya C. Kisha anachukua msimbo kutoka Codeberg kwa amri ya git clone. Asijenge kutoka tawi ambalo watengenezaji wangali wanaligusa kila siku. Achague toleo lililokwisha kutangazwa kuwa imara.

Amri ya kujenga yenyewe ni mstari mmoja: TAGS="bindata sqlite sqlite_unlock_notify" make build. Neno bindata linaamuru kurasa, picha na tafsiri zote ziingizwe ndani ya faili moja la mwisho. Kazi hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kurasa hufanywa na Node.js, na hapo ndipo mashine dogo huchoka: yenye kumbukumbu ya giga moja inaweza kukwama katikati. Sehemu ya injini hufanywa na Go. Zote mbili hupakua vipande vingi kutoka intaneti mara ya kwanza, kwa hiyo swali la mama mwenye nyumba, "Mwanangu, kitu hicho kinakula mega ngapi?", ni swali la haki. Inakula nyingi mara moja, halafu inatulia. Dawa ni kujengea mahali penye mtandao mzuri, kwa mfano chuoni, na kuleta faili lililokamilika kwa flash. Anayejengea kwenye kompyuta ya aina moja ili aendeshe kwenye aina nyingine, kama vile Raspberry Pi, ajue kwamba Go hukubali jambo hilo kwa urahisi, lakini SQLite na gcc yake hudai maandalizi zaidi.

Mwisho wa yote linatoka faili moja. Moja tu. Ndiyo shaba iliyotoka motoni.

Faili hilo halipaswi kuendeshwa na mkuu wa mashine, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote anayeitwa root. Programu yenyewe hukataa. Anatengenezwa mtumiaji wa pekee, mara nyingi akiitwa git, asiye na ruhusa nyingine. Systemd inaagizwa kuiwasha kila mashine inapoamka. Kisha kijana anafungua kivinjari kwenye anwani ya mashine hiyo, mlango namba 3000, na ukurasa wa kwanza unamuuliza: hifadhidata gani, folda gani, nani mkuu. Majibu yanaandikwa katika faili liitwalo app.ini. Hapo kuna mistari miwili isiyofaa kusahauliwa. DISABLE_REGISTRATION ikiwekwa true, mgeni hawezi kujiandikisha mwenyewe. REQUIRE_SIGNIN_VIEW ikiwekwa true, asiye na jina na neno la siri haoni kitu. Nyumba bila mlango si nyumba.

Baada ya hapo, yeyote aliye kwenye Wi-Fi ileile anaweza kuifikia bila kununua mega hata moja. Intaneti ikikatwa kwa siku 20, kazi ndani ya shule au redio inaendelea. Na mwenzao aliye Lubumbashi, umbali wa kilomita 120 hivi, hakosi chake: amri ya git bundle hufunga kazi yote na historia yake katika faili moja, linawekwa kwenye flash, flash inapanda basi. Ni polepole, lakini inafika.

Adui wa karibu zaidi ni umeme. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira limekuwa likitoa umeme tangu mwaka 1930, na hata hivyo delestaji inajulikana katika kila avenyu. Kompyuta ndogo ya zamani, ya kufungwa na kubebwa, ni seva bora kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inakuja na betri yake. Raspberry Pi hutumia wati chache, na paneli ya jua ya wastani pamoja na betri inaiweza, lakini kadi yake ndogo ya kumbukumbu huharibika kirahisi umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika. Afadhali diski ya kweli. Na hata hivyo mashine itakufa siku moja, au itaibiwa. Kwa hiyo kila wiki iendeshwe amri ya forgejo dump, inayofunga kila kitu pamoja, na kifurushi hicho kilale nyumba nyingine, si chumba kilekile.

Hapa ndipo habari hii inapofika kwa familia zilizohama. Likasi inajua maana ya kuondoka na mzigo mmoja. Mwaka 1992 na 1993, wakati mkoa ukiitwa Shaba, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao Likasi na Kolwezi. Wengi walilala stesheni wakingoja gari moshi, na wapo waliofia safarini. Miaka iliyofuata, watu wa Mitwaba, Pweto na Manono nao wakakimbia vijiji vyao kwa sababu ya makundi yenye silaha. Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu. Katika kila mkimbio kuna kitu kinachopotea baada ya watu na nyumba: makaratasi. Karti ya chanjo ya mtoto, buletini ya shule, cheti cha kuzaliwa, daftari la ushirika. Ofisi yenye nakala moja haina kitu siku mlango wake ukifungwa.

Kwa hiyo mtu anaweza kufikiri: basi ziwekwe orodha zote za familia ndani ya seva hiyo, kila mmoja apate nakala. Hapana. Nguvu ya Git ndiyo hatari yake. Kilichoingia kimeingia. Ukifuta jina leo, liko bado katika historia ya jana, na liko katika nakala za watu wote waliokwisha kuichukua. Orodha inayoonyesha nani ametoka kijiji gani, wa kabila gani, analala wapi, ikianguka mikononi mwa mwenye nia mbaya, haitakuwa kumbukumbu tena. Itakuwa ramani ya mwindaji. Mji ulioona watu wakitafutwa kwa asili yao mwaka 1992 hauhitaji kuambiwa mara mbili.

Kinachofaa kuwekwa humo ni kazi, si watu. Msimbo wa programu ya kituo cha afya, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Fomu tupu. Masomo ya shule ya msingi kwa watoto waliokatizwa mwaka. Maandishi ya vipindi vya redio. Orodha ya maneno ya afya kwa Kiswahili, Kiluba, Kisanga na Kibemba, ambayo kila mwenye lugha anaweza kuisahihisha, na kila sahihisho likabaki na jina la aliyelileta. Programu iitwayo DHIS2, inayotumiwa na wizara ya afya ya Congo kukusanya takwimu za vituo, ina msimbo ulio wazi hivyo kwa dunia nzima, wakati data za nchi zimefungwa mahali pake. Majina ya watu yakae pembeni, yamefungwa kwa neno la siri, kwa watu wachache wanaojulikana, na yafutike yanapotakiwa kufutika.

Kuna watakaosema kwamba yote haya ni makubwa kwa mji ambako bei ya unga ndiyo habari ya asubuhi. Lakini eneo la Congo ambalo ni vigumu kulifikia kuliko Likasi limekwisha kuonyesha mfano. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, mtandao wa jamii ulianzishwa mwaka 2016, ukaitwa Pamoja Net. Ulifungwa mahali ambapo kampuni kubwa hazikuona faida, na jina lake lilichaguliwa kwa Kiswahili. Mashine zilikuwa ndogo. Kilichofanya kazi ni makubaliano: nani anaulinda, nani anautumia, saa ngapi.

Seva ya msimbo Likasi nayo itaishi au kufa kwa makubaliano hayo, zaidi ya amri zozote. Ikiwa ni mtu mmoja tu anayejua neno la siri la mkuu, basi mji umepata tanuru jingine la kampuni, ila safari hii kampuni ni kijana mmoja. Akipata kazi Kolwezi au akienda Zambia, tanuru linazimika. Wanaohitajika ni watatu angalau: wawe wamejenga kila mmoja kwa mkono wake, kutoka msimbo hadi faili, na kuandika hatua zao kwa Kiswahili chepesi ili wa nne na wa tano wafuate. Wa kwanza apewe kazi ya kuzima mashine kwa makusudi, na wengine wawili wairudishe kutoka kwenye kifurushi cha wiki iliyopita. Wakiweza, kazi ya jamii iko salama. Wakishindwa, afadhali wajue siku ya majaribio kuliko siku ya kukimbia.